Twiga kwenye picha yangu

Alhamisi, usiku

Twiga! Twiga wa Kitisuru, jamani!

Picha niliyowapelekea wale watu wa ofisi ya Upper Hill waitundike mapokezi ilikuwa na korongo mmoja tu, amesimama mtoni kule Kitisuru, katikati ya mitaa ya Nairobi, pembeni kabisa. Kwingine kote ni ukungu. Basi. Hiyo ndiyo picha.

Leo nimeingia nikaikuta ukutani. Korongo hayuko. Badala yake kuna twiga wawili na jua jekundu, na chini yao jina langu.

"Si sasa inakaa kama Kenya?" meneja wao akaniuliza, amefurahi kweli. "Hiyo nafasi yote ilikuwa tupu, nikaambia Brayo wa kompyuta aijaze. Na hiyo ndege ilikuwa inakaa kama uchafu."

Uchafu!

Nilitaka kumwambia aitoe. Nikasema, "Sawa, madam," kama mjinga. Sasa nani atanipa kazi akiona ule upuzi una jina langu?

Kule mtoni nilinyamaza asubuhi nzima, hata kikohozi nikakimeza, ili yule korongo asiruke. Hakuruka. Leo wamemfukuza, na mimi bado nimenyamaza.