Januari ya Kwenda Dar

Jumatatu, 6 Januari

Nisamehe, daftari. Sijakushika tangu Mwita azaliwe, na sasa ameshaota meno mawili. Si uvivu. Mikono haikuwa yangu.

Leo kama jana. Maji, uji, nepi, mahindi juani, kufukuza kuku. Karasha la jirani linasaga mawe tangu asubuhi na vumbi lake linatua juu ya mahindi kama unga mwingine. Tangu rashi ya dhahabu ianze huku Nyanungu, nguo nyeupe haipo. Watu wametoka Geita, Kahama, mpaka ng'ambo ya Sirari. Shamba letu la chini limekuwa mashimo. Duara kubwa, lile shimo la kuchimbia, ni la Chacha, mtoto wa kaka yake marehemu mzee, mume wa Mama. Mama alimruhusu achimbe, na sisi tunapata mifuko yetu ya mawe kila wanapopandisha. Anatoa. Siwezi kusema hatoi. Saruji ya sakafu hii imetoka humo.

Jioni alikuja na soda. Akamwambia Mama, "Mama mdogo, umechoka. Nakupeleka Dar kwa Wankuru ukapumzike. Wewe, na huyu Mama Ghati, na watoto, wote. Mwezi mzima. Tiketi juu yangu."

Mama alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja, kama msichana. Wankuru ni binti yake wa pekee. Hajaja nyumbani tangu aolewe huko.

Mimi sikucheka. Dar, Januari. Nani anakwenda kupumzika ndani ya sufuria?

Jumatano, 8 Januari

Kliniki. Mwita ameongezeka uzito. Nesi ni mgeni, ametoka pwani. Akauliza jina la mume. Nikamwambia nimeolewa na Mama. Akaweka kalamu chini. Wale wanawake kwenye benchi wakacheka, mmoja akamwambia, "Dada, uko kwa Wakurya. Andika tu."

Nikamweleza. Mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe kwetu, akanioa, ili nyumba yake isifungwe. Sisi tunaita nyumba ntobhu. Baba wa watoto ni mtu wa ukoo, na shamba halimhusu. Watoto ni wa Mama. Mimi ni wa Mama. Nikishaolewa hivyo, sina mume mwingine wa kuandikwa.

Nikauliza habari ya Dar. Akasema kwa mtoto mdogo mwezi huu ni harara mwili mzima, anyonye kila wakati, na mimi ninywe maji hata kama sitaki. Kuhusu Mama alitikisa kichwa. Mtu wa presha na joto lile, labda awe mahali penye feni, na umeme usikatike.

Ijumaa, 10 Januari

Wankuru kapiga simu. Mama akaiweka sauti kubwa uwanja mzima usikie.

"Njooni, lakini mjue huku ni moto. Shuka halikai mwilini. Juzi mume wangu amelala sakafuni, mimi nimelala sakafuni, kitanda kimelala peke yake."

Mama alicheka mpaka machozi. Akasema yeye amezaliwa na jua, jua halitamla uzeeni. Wankuru akasema, "Mama, jua la huko ni la Mungu. La huku linatoka chini, juu na kwa jirani."

Nimekuwa mimi wa kusema hapana. Presha. Mtoto. Safari ya siku na usiku ndani ya basi. Mama haniangalii ninaposema. Anachambua mboga.

Ukweli wangu ni huu, na ninauandika hapa tu. Nataka kwenda. Nimechoka. Nataka kulala mahali karasha halipo. Nataka mtu mwingine apike, hata kama jasho litanitoka mpaka kwenye kope. Nakataa kwa sababu lazima mmoja akatae.

Jumapili, 12 Januari

Nimekubali.

Tunakwenda Alhamisi ya tarehe 23. Mama ametoka kanisani akapita kwa fundi na kitenge kipya. Amesaga ulezi wa kumpelekea Wankuru. Amefunga mkoba, akaufungua, akaufunga. Ghati, mtoto wangu mkubwa, anauliza kama Dar kuna ng'ombe.

Chacha kasema mbuzi atawachukua kwake. Ufunguo tumwachie, ataangalia nyumba.

Jumanne, 14 Januari

Mchana. Joto hata huku. Ghati anapenda kulala tumbo wazi sakafuni chumbani kwetu, saruji ina ubaridi. Nilikuwa nanyonyesha. Akasema, "Mama, kuna mtu anabisha."

Nikamwambia afungue mlango.

"Siyo mlangoni. Huku chini."

Nikaweka Mwita kitandani. Nikalala sakafuni kama yeye, sikio kwenye saruji. Du. Du. Kimya. Du. Nyundo na tindo. Siyo karasha, karasha linanguruma. Huyu alikuwa mtu, anapiga, anapumzika, anapiga. Chini ya watoto wangu.

Nilibaki pale mpaka Mwita akalia.

Jumatano, 15 Januari

Sasa naona. Mwezi mzima. Wote. Mbuzi pia. Ufunguo. Mwamba wenye dhahabu umeelekea kwetu, na mtu hawezi kuufuata chini ya nyumba yenye watu wanaosikia. Lakini nyumba ambayo wenyewe wako Dar wanapepewa na feni, hata ikidondoka ndani ya shimo, watasema ni mvua.

Nilitaka kunyamaza. Siku nane tu zimebaki na Mama ana furaha. Nikashindwa. Nyuma ya nyumba kuna kaburi la mzee. Shimo kutoka shamba la chini kuja chumbani kwangu linapita hapo kwanza.

Nikamwambia. Akasema nimesikia vibaya, Chacha amemlea mwenyewe tangu anaota meno. Nikamshika mkono. Magoti yake mabovu, kushuka tu ilikuwa kazi. Akaweka sikio.

Aliponyanyuka hakulia. Akasema, "Wamempita mzee wangu bila hodi."

Kisha akaenda kwenye mkoba, akatoa kitenge kipya, akakirudisha sandukuni. Hilo ndilo lililoniumiza.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda kwa Chacha, Mwita mgongoni. Alikuwa na vijana wake wanakula. Nikasema mbele yao. Akasema ni mlio wa karasha, ardhi inabeba sauti. Nikasema karasha nalijua, linaniamsha kila siku.

Akacheka. "Mama Ghati, wewe umeolewa na mwanamke mwenzako. Habari za ardhi umezitoa wapi?"

Vijana wakacheka, mmoja akatazama chini.

Nikamjibu kwamba huyo mwanamke mwenzangu ndiye aliyempa mahali pa kuchimba. Nikaondoka.

Mwenyekiti wa kitongoji ni mtu mwema na mzito. Kasema ataandika kwenda wilayani, waje wapime. Lini? Wiki ijayo, au ile nyingine. Sakafu yangu haina wiki.

Tumehamia jikoni, kibanda cha kando, mbali na ukuta ule. Watoto wote na Mama. Moshi, lakini chini ni kimya. Nimesikiliza kwanza.

Ijumaa, 17 Januari

Wachimbaji wana miiko mingi. Huu kila mtu hapa anaujua. Mwanamke asikae mdomoni mwa duara. Auze chakula kule pembeni, atwange mawe kule, lakini akikaa mdomoni watu wakaingia, dhahabu inahama. Ndivyo wanavyoamini. Mimi siamini, ila wao wanaamini, na hicho kinatosha.

Nimechukua kigoda changu cha kukamulia. Nimekiweka pale kamba inaposhukia. Nimekaa. Nimenyonyesha.

Vijana walifika na tochi kichwani, wakasimama kama mbuzi mbele ya mto.

"Mura, ingia."

"Ingia wewe."

"Kuna mama pale."

"Mwambie atoke."

"Mama yako huyo? Mwambie wewe."

Yule mmoja aliyetazama chini jana akanisalimia kwa adabu na kwenda kukaa kwenye kivuli. Wengine wakamfuata. Chacha alikuja, akatukana, akaongea kwa upole, akatukana tena. Hakunigusa. Mwanamke anayenyonyesha hagusiki, na watu walikuwa wanaangalia.

Jua lilikuwa kali. Nikafikiria Dar, nikacheka peke yangu. Nilikataa joto la mjini nikapata hili.

Adhuhuri Mama alikuja na mwavuli na uji. Hakusema kitu. Akasimama nyuma yangu akatufunika kivuli, mimi na mtoto, yeye mwenyewe akabaki juani. Nilimwambia akae. Akakataa. Nikamwambia kwa ukali, "Mama, presha." Akakaa.

Jumapili, 19 Januari

Siku ya tatu mdomoni. Shingo imeungua. Maziwa yamepungua, nakunywa maji mpaka tumbo linapiga kelele.

Leo mwenyekiti amekuja bila kuitwa, maana vijana wamekaa bila kazi na wameanza kugombana sokoni. Wazee wawili wamekuja naye. Yule kijana mpole akasema mbele ya wote, "Mzee, shukeni mpime. Mimi sitaki kufia chini ya kitanda cha mtu."

Nikainuka, nikasogeza kigoda. Wakashuka na kamba kupima njia ya chini. Walipotoka, kamba ilikuwa na fundo mahali shimo linapoishia. Wakailaza juu ya ardhi kuelekea upande ule ule.

Watu wote tuliifuata kwa macho. Ilipita migomba. Ilipita kando ya kaburi, karibu mno. Ilifika ukutani ikabaki bado ndefu. Mwenyekiti akaingia nayo ndani, mimi nyuma yake. Fundo likaangukia pale Ghati anapolala mchana.

Mama alisimama mlangoni. Chacha aliangalia viatu vyake. Mama akamwambia neno moja kwa Kikurya, siliandiki.

Imeamuliwa Chacha alijaze shimo lote kwa mawe, kutoka huku kwetu kurudi alikoanzia, mbele ya mwenyekiti. Kisha aondoke shambani.

Jumatano, 22 Januari

Wanajaza. Nakaa na kuangalia. Jiwe likibaki juu nauliza.

Kesho ndiyo ilikuwa siku ya safari. Tiketi za Chacha Mama amemrudishia zimechanwa. Mkoba uko tupu ukutani. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Nimewaza tangu asubuhi. Shimo halijaisha kujazwa, na hapa pakibaki patupu hata wiki moja, mtu atarudi. Mimi siwezi kwenda. Lakini Mama ana umri ule, na mtoto wake yuko mbali. Januari nyingine nani anamdai Mungu?

Nikampigia Wankuru kwanza. Nikamuuliza maswali ya nesi yote. Feni ipo? Ipo. Umeme ukikatika? Kuna kibaraza nyuma, upepo unapita. Zahanati? Karibu. Ndipo nikamwambia Mama auze mbuzi mmoja aende.

Akakataa. Akasema hawezi kuniacha na watoto juu ya shimo, na Dar ni jiko, mimi mwenyewe nilisema.

Nikamwambia, "Nilisema, na joto lipo. Utakunywa dawa, utakaa kivulini, hutatoka mchana. Mama, ulitoa ng'ombe ili nilinde nyumba yako. Niache niilinde."

Alinitazama sana. Akaenda sandukuni. Akarudi na kitenge.

Jumamosi, 25 Januari

Nimemsindikiza mpaka Tarime. Dawa kwenye mkoba wa mkononi, chupa mbili za maji, mfuko wa ulezi. Kondakta nimemwambia huyu ana presha, asimamishe akiomba. Mama alinipa mkono dirishani kama tunakutana leo. Ghati alipunga mpaka basi likapotea, kisha akauliza sasa nani atamkatalia asile sukari. Nikamwambia ni mimi.

Njiani kurudi nililia kidogo. Uchovu.

Jumatano, 29 Januari

Shimo limejaa. Mwenyekiti ameona. Chacha amefungasha winchi yake, wanasema rashi nyingine imelipuka upande wa Serengeti. Alipita hapa, akasimama njiani, akaniambia, "Haya, shemeji." Nikamjibu, "Haya." Hakuna zaidi.

Nimeweka sikio kwenye saruji, kona zote nne. Ghati ameweka pia. Amesema mtu wa chini ameondoka. Bado tunalala jikoni. Nitarudi ndani moyo ukikubali.

Mama amepiga. Amefika salama. Mchana anakaa kibarazani na khanga mbichi kichwani, feni ameigeuzia uso, wajukuu wanamletea barafu ya ukwaju na anaitafuna kama mfupa. Presha wamempima, iko sawa. Anasema Dar ni moto kweli, watu wanatembea wameiva. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo kwenye simu.

Akauliza nataka nini. Nikasema nitafikiri, nimwambie kesho. Nimefikiri. Vije na basi:

Kufuli kubwa, la chuma siyo la bati.
Betri za tochi.
Chandarua cha watu wanne, jikoni kuna mbu.
Viatu vya plastiki vya Ghati, vikubwa kidogo, mguu unakua.
Poda ya Mwita. Harara imempata huku huku.
Picha ya Mama mbele ya feni.
Na Mama mwenyewe, kabla hatujaanza kupanda.