Chungu Nilichokificha Bafuni

Jinja, Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa magoti, ingawa mwili wangu umekaa kitini na karatasi iko mezani. Mguu wako unaendeleaje? Kaka Mafabi ameacha kukohoa? Na mahindi ya nyuma ya nyumba, jua hili limeyaacha salama? Huku kwetu kiangazi kinachoma tangu saa tatu asubuhi. Mabati yanalia kama kitu kinachokaangwa, hadi upepo wa ziwa utuonee huruma jioni.

Okello wangu ni mzima. Mama, bado siamini kwamba huyu mtu ni wangu. Huu ni mwezi wa tatu, na akirudi kutoka zamu yake gerezani, kabla hajavua buti, ananiita jina langu mlangoni kana kwamba anahofia nimehama. Asubuhi anapiga pasi gauni langu kwanza, sare yake baadaye. Askari wenzake wanamcheka: "Afande, huyu bibi amekupa cheo gani?" Anawajibu, "Cheo ya mwisho. Hakuna ingine juu yake." Naandika haya nikitabasamu peke yangu, halafu nakumbuka kwa nini nimeshika kalamu.

Nimekupigia simu mara tatu tangu uliporudi Busiu. Mara zote umepokea, ukaniuliza kama nimekula, ukasema kuku wanakungoja. Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza, Mama. Kwenye simu nashindwa kulisema neno lenyewe, basi naliandika hapa.

Baba mkwe alipotuma habari kwamba watu wake watakuja kuiona nyumba yetu kwa mara ya kwanza, nilishikwa na homa ya kutaka kusifiwa. Okello aliniachia uchaguzi wa vinywaji. Alisema, "Wewe ndiye mwenye nyumba." Mimi nikaenda kwa Mama Adongo, mke wa askari jirani yetu, yule mnene uliyemwona na kilemba cha njano. Zamani alihudumu hotelini, na anajua chupa kama wewe unavyojua mbegu. Tulikaa kwenye ngazi yake mchana mzima. Alinifundisha kwamba wakati wa joto watu wapewe bia nyepesi iliyopoa sana, ile nyeusi nzito waachiwe wazee wachache wanaoipenda. Divai nyekundu ni ya nyama choma. Nyeupe inakaa kwenye barafu, na ukiisahau juani inageuka siki mdomoni. Kisha akanionyesha kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona: divai nyeupe kwenye jagi kubwa, juisi ya matunda ya pasheni, vipande vya nanasi, maji ya limau, soda kidogo, barafu juu. Nilionja nikaona mapenzi, Mama! Nilijiona nimesimama na gauni la bluu, Okello ananiangalia, na mimi nawamiminia wageni kinywaji chenye rangi ya machweo.

Niliazima glasi zenye mguu kwa Mama Adongo. Nikatandika kitambaa cheupe cha arusi yetu. Kila kitu kilikuwa kizuri kama picha, na hapo ndipo ulipofika wewe na Mafabi.

Niliijua harufu kabla sijakuona. Malwa yako, pombe yetu ya ulezi. Najua kazi yake tangu utoto: kuchachusha unga wa mahindi, kuukaanga juu ya bati mpaka macho yanatoka machozi, kuotesha ulezi, kuusaga, kungoja. Wiki mbili zilikuwa ndani ya kile chungu, na ulikibeba mapajani kutoka Busiu hadi Jinja, kimefungwa kwa leso yako nzuri. Mafabi alikuwa na mirija mirefu begani. Ulichotaka ni maji ya moto tu na nafasi katikati ya chumba, ili wazee wa pande mbili wavute kutoka chungu kimoja na wawe watu wa nyumba moja. Ndivyo alivyofanya bibi, mama yako, alipokuja kwako ulipoolewa.

Nami nilitazama kitambaa changu cheupe, nikasema, "Mama, tukiweke bafuni kwanza. Huku kuna joto."

Ulinitazama kidogo tu. "Bafuni?"

"Kwanza tu, Mama."

"Sawa. Nyumba ni yako."

Nilifunga ule mlango mwenyewe.

Vinywaji vyangu uliviona. Barafu iliyeyuka kabla ya sala ya chakula. Ile divai ya matunda ikawa maji yenye vipande vya nanasi vinavyoelea, na yule afande mrefu akauliza, "Dada, hii ni ya kunywa ao ya kuosha mikono?" Watu wakacheka. Baba mkwe alionja divai nyekundu, akakunja uso, akaomba sukari, akaweka vijiko vitatu. Mama Adongo alijificha nyuma ya kilemba chake. Hayo yote ningeyacheka leo. Aibu yangu si hiyo.

Aibu yangu ni pale baba mkwe aliposimama kushukuru. Alishukuru kwa mbuzi, akashukuru wajomba zake wawili, kisha akageukia upande wenu. Unajua alivyo, askari jela mstaafu, anasema kila neno kama anaita majina ya wafungwa. "Na nyumba ya bibi arusi? Naona wamekuja mikono tupu?"

Ulinitazama, Mama. Uliniachia mimi niseme, kwa sababu nyumba ni yangu. Hatua sita zilinitenga na mlango wa bafu. Nami nikasema, mbele ya watu wote, "Mtusamehe, mzee. Mwaka huu kwetu mvua haikuwa nzuri. Ulezi haukuota."

Mafabi alifungua mdomo. Ukamshika mkono. Ukainamisha kichwa na kusema, "Ndiyo. Ni kama mtoto alivyosema."

Ulikubali kuitwa maskini na mvivu mbele ya wakwe ili mimi nisionekane mwongo. Nakaa na jambo hilo kutwa nzima, nikifua, nikipika, nikicheka na Okello. Linakuja tu na kukaa karibu yangu.

Mliondoka kwa basi la alasiri, mkaacha chungu. Asubuhi yake Okello aliingia kuoga, akatoka na taulo kiunoni. "Nambozo, hii chungu ya nani?"

Alichovya kidole, akaonja, akafumba macho. "Hii ni ya mama." Halafu akafumbua. "Ulisema ulezi haikuota."

Hakupandisha sauti. Ungemwona alivyoniangalia, kama mtu aliyepotea kwenye nyumba yake mwenyewe. Chai yangu hakuinywa. Alivaa sare yenye mikunjo akaenda kazini, na hiyo ni siku ya kwanza tangu arusi ambayo hakuniita jina langu mlangoni. Aliporudi aliniambia neno moja tu: "Mzee lazima ajue, na si mimi ya kumwambia."

Basi Jumatano nilikwenda kwa mzee, Masese, peke yangu. Nilimkuta baba mkwe mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapofikia, ananunua samaki na kubishana na mwanamke muuzaji juu ya macho ya samaki, kama yanaonekana mabichi au la. Nilipiga magoti palepale kwenye magamba.

"Simama, mtoto, utachafuka."

"Mzee, nilidanganya." Nikamweleza yote, bafu, leso, mvua. Yule mwanamke aliacha kupima samaki akasikiliza bila haya.

Baba mkwe aliweka samaki chini. Nilidhani atanifukuza. Kumbe hasira yake ilikuwa inamgeukia yeye mwenyewe. "Mimi niliita mama yako mikono tupu," akasema. "Mbele ya vijana ya kazi. Mwanamke amebeba chungu toka Busiu, na mimi nakunywa ile dawa yako ya sukari!" Kisha akaninyooshea kidole. "Ulisema mbele ya watu. Utasema tena mbele ya watu."

Jana jioni, saa kumi na moja, aliwakusanya wageni walewale kwenye uwanja wa kota zetu za askari. Nilisimama na gauni la kawaida. Nilisema mama yangu alileta malwa ya mikono yake, na mimi nikaificha bafuni kwa sababu nilitaka kuonekana mke wa mjini. Sauti ilikatika nikaanza upya. Mke mmoja alicheka. Yule afande mrefu akauliza kwa huzuni ya kweli, "Sasa malwa yenyewe iko wapi?" Nikamwambia imeharibika, niliimwaga. Akatikisa kichwa kama kwenye msiba. Mama Adongo alikuja kunishika bega, na Okello akasimama upande wa pili.

Sasa baba mkwe anataka kuja Busiu na wale wajomba wawili, kukuomba radhi uani kwako. Amesema usichachushe chochote, watabeba ulezi wao uliokwisha kuchachuka na wewe utapumzika. Lakini hatakuja bila ruhusa yako, na ameniagiza mimi niiombe. Naiomba, Mama, nikijua huna deni nami. Ukisema bado, nitawaambia bado, na sitakuuliza sababu.

Nisalimie Mafabi, umwambie alikuwa na haki ya kufungua mdomo. Msalimie shangazi wa Nabuyonga aliyenishonea gauni la arusi, na yule jirani mzee anayekusomea barua miwani yako ikipotea. Kama ndiye anayesoma sasa, namwomba asisimulie sokoni.

Mimi ni mtoto wako mwenye aibu, na bado mwenye furaha kuliko ninavyostahili,

Nambozo

Nimesahau kukuambia: Okello anajifunza kusalimia Kigisu. Hivi sasa yuko mbele ya kioo na povu kidevuni, anasema "Mulembe, mayi," anakosea, anaanza tena. Hajui kwamba unaweza kukataa. Sijathubutu kumwambia.