Joho la Jemadari

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimelishusha boksi la Clemence. Miezi mitatu limekaa juu ya kabati la rangi, nalikwepa kwa macho. Melkizedeki, rafiki yake wa Moshi, kapiga simu: Jumamosi anakuja kulichukua jeshi, wacheze mechi ya kumkumbuka. Wanajeshi arobaini wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Vita vya wafalme na mazimwi, vinachezwa mezani kwa kurusha dadu. Mdogo wangu, mwalimu wa hesabu kule Chome, mtu mzima na ndevu zake! Nilikuwa namcheka. Thelathini na tisa kawapaka mwenyewe, bluu na fedha. Kabaki jemadari. Mtupu, kijivu.

Boksi bado lina tope kwenye kona. Sijalifuta.

Jumanne, 11 Machi

Swali lake la mwisho kwangu: dada, joho la jemadari liwe jekundu au bluu? Akatuma na picha. Nikamjibu, "Rangi haichaguliwi kwenye simu. Mlete mwenyewe nimwone." Kesho yake akapanda bodaboda na mvua ile. Kona ya pili kushuka kutoka Chome, pikipiki ikateleza. Boksi halikupata hata ufa.

Mama anaamini alishuka kwa mambo ya benki. Ndivyo watu walivyosema msibani, nami nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Melkizedeki anajua. Alinikumbusha jana kwenye simu, kwa upole tu: Clemence aliniambia dada Blandina kasema mlete. Na Mama anashuka Ijumaa, kliniki ya presha. Watakutana hapa hapa!

Jumatano, 12 Machi

Miaka kumi na moja nachora mabango ya mji huu, naijua nyekundu. Ukiijaza upande mmoja, bango zima linainama. Joho lote likiwa jekundu, jicho linakwenda mgongoni, uso unasahaulika. Likiwa bluu kama ya wenzake, anapotea kati yao. Basi — bluu iliyokolea, chini karibu nyeusi, ikipanda mabegani inapata mwanga. Nyekundu kidogo tu: mkanda wa kifuani, na nukta kwenye kofia ili mkanda usikae mpweke. Mkanda ulipandishe jicho mpaka usoni. Uso ndio ung'ae kuliko vyote.

Ngozi kahawia. Clemence aliwapaka wote kahawia yetu, hakufuata picha ya kwenye kifuniko.

Saa nane mchana, upepo unapiga vumbi kwenye mabati, nikamsikia nyuma yangu akivuta pumzi kupitia meno. Alikuwa akifanya hivyo kila nikianza herufi. Nikageuka. Ngazi na makopo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Mjinga mimi! Mjinga!

Vichupa vyake vya rangi vilikuwa vimekauka. Nikachukua rangi yangu ya mabango, nikailainisha kwa thina kama ninavyofanya kila siku kwenye bati. Plastiki si bati. Joho limepona, nilikuwa nimelipaka rangi ya maji. Uso umeyeyuka. Pua imekwenda, jicho la kushoto limeshuka shavuni.

Uso huu naujua. Hospitali niliingia mimi peke yangu kumtambua. Jeneza halikufunguliwa, Mama alikatazwa, na aliyesema lisifunguliwe ni mimi.

Nimemgeuza atazame ukuta. Naogopa kitu cha plastiki, mwanamke wa miaka arobaini.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimemkuta anatazama mlango. Nikamgeuza. Mchana tena, mlango. Labda upepo. Labda mimi mwenyewe na sikumbuki.

Nimefikiria kumjaza nyeusi chini ya kofia, uso uwe kivuli. Nikajaribu kwa jicho: haikubali. Mkanda mwekundu unapanda vizuri, halafu unaishia kwenye shimo.

Mama kafika, presha iko juu. Hakula. Kauliza kwa nini huyu kapewa adhabu ya ukutani. Nikasema anakauka.

Jumamosi, 15 Machi

Melkizedeki kaja saa nne. Shikamoo mama, marahaba baba, pole na safari. Chai. Nilikuwa nimeshika brashi, nyekundu ya mkanda tayari, nimebakiza huo tu na ile nukta.

Mama kasema: mgeuze nimwone.

Nikasema kaharibika. Kasema mgeuze.

Nimemgeuza. Mama kamweka kiganjani, kamsogeza dirishani. Kamtazama muda mrefu. Kapitisha ukucha pale pua ilipokuwa. Halafu, taratibu: "Clemence naye alikuwa hivi?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Hakulia. Kashukuru! Kasema sasa kamwona. Kisha kauliza, "Na siku ile alikuwa anampeleka wapi huyu?"

Melkizedeki kaweka kikombe chini, kanitazama.

Nimesema nafuata brashi. Niko stoo, naandika nimesimama, daftari juu ya kopo. Nawasikia. Melkizedeki kakohoa, kaanza: unajua mama, siku ile…

Mama kamkatiza. Kasema nyamaza kwanza mwanangu, muache Blandina aje aseme mwenyewe.

Brashi ninayo mkononi. Niliingia nayo humu stoo. Nyekundu imedondokea ukurasa