Umeme Chini ya Kiti cha Medina

Awindiri, Arua, 6 Julai 2024

Mama,
Assalamu alaikum. Mimi mzima, sijui wewe na mguu wako, na Medina na tumbo lake. Simu yako haipatikani, ndiyo naandika. Nimenunua gari ya haibridi, inatumia petroli na umeme. Mafuta niliyokuwa namaliza siku moja kwa kubeba abiria sasa yanafika kesho yake. Halafu imetulia, haitikisi. Hiyo ndiyo nitakayomchukulia mke wangu Medina, aje azae kwa kupasuliwa hapa Arua kama daktari alivyosema.
Mwanao, Siraji

Koboko, 10 Julai

Siraji mwanangu,
Waalaikum salaam. Mguu unauma lakini natembea, Medina anakula. Ila hiyo gari, haki ya Mungu, imeninyima usingizi. Jirani yetu Kadijah, anayekuletea barua hii, anasema betri iko chini ya kiti cha nyuma. Umkalishe mke wako juu ya umeme, na mtoto tumboni? Wa kwanza tulimzika, umesahau? Rudisha hiyo kitu. Naogopa.
Mama yako

Awindiri, 13 Julai

Mama,
Pole na mguu. Wewe na woga wako! Umeme umefungwa, haumfikii mtu. Hata kando ya kiti kuna kitundu, betri inapumulia hapo, ndiyo maana haipati moto. Abiria wangu wanasinzia juu ya kiti hicho safari nzima. Nakuja tarehe ishirini.
Mwanao, Siraji

Hospitali, Arua, 21 Julai

Mama,
Salamu zimenishinda. Jana tulipofika Maracha, njiani kuja huku, Medina alishikwa na uchungu, na papo hapo taa nyekundu ikawaka, gari ikazima. Ilikataa kabisa. Nilisimama barabarani napunga mikono, yeye analia nyuma, damu inatoka. Lori la mihogo ndilo lilituleta. Mtoto yuko hai, msichana. Medina hajaamka. Wanamwongezea damu, hawaniambii kitu.

Fundi Santino amekuta leso imesokomezwa ndani ya kile kitundu. Betri ilikosa hewa, ikachemka. Leso ni yako. Mama, nani aliiweka?
Siraji

Koboko, 22 Julai

Siraji,
Ni mimi. Ulipokuwa unakunywa chai hapa kabla hamjaondoka, niliingia garini. Ulisema betri inapumua, nikaona hiyo pumzi itamfikia Medina, itamchoma mtoto. Nilitaka kuwakinga, wallahi. Sasa nimemuua kwa mikono yangu? Nataka kuja, na naogopa kukuta shuka imefunika uso wake. Akiamka, mwambie ni mimi. Usimfiche. Akikataa kuniona tena, nitakaa huku, sitauliza.
Mama yako, kama bado unanikubali

Arua, 25 Julai

Mama,
Medina aliamka jana. Nilimsomea barua yako yote. Halafu akamgeukia mtoto, akasema, “Sasa huyu ataogeshwa na nani? Mwambie mama aje.”

Nakuja kukuchukua kesho asubuhi.
Mwanao