Mshiriki wa Ishirini na Tatu

Ijumaa, Homa Bay. Joto limekaa juu ya mji kama mgeni asiyejua kuaga. Roho yangu, kwa upande wake, imepoa vizuri sana.

Mimi ni fundi wa taa za sola, Migori mjini. Hesabu za mawimbi nilijifunza mwenyewe, kwa simu na ukaidi. Mwaka jana Daktari mmoja alikuja kuwavisha watu kofia ya nyaya, awaonyeshe picha na kupima umeme wa ubongo wao unavyojibu. Programu ya kuchora ramani zake, wimbi gani limepanda na wakati gani, niliandika mimi.

Ramani zikaonyesha ubongo unajibu kabla picha haijatokea. Daktari akafurahi: watu wa ziwa wana kipaji cha kutabiri!

Nikamwambia mara tatu. Wimbi la polepole hupimwa kwa kipande kirefu cha muda, na kipande kirefu huchota umeme wa baada ya picha na kuumwaga kabla yake. Hilo ni kosa la kipimo, kipaji hakuna.

"Omera, ndugu, wewe shika taa zako," alisema. Halafu jina langu likatoweka kwenye ripoti.

Sawa.

Nilichukua kile kidude kinachowasha taa ya nje giza likiingia, nikakiweka mbele ya picha zilezile, nikarekodi umeme wake. Ramani yake nayo ikaonyesha kinajibu kabla ya picha. Nikampelekea Daktari faili. Kwenye maelezo niliandika wazi: si mtu, ni kidude cha taa. Nilijua hasomi maelezo. Hilo nakiri.

Leo ukumbini Daktari akaonyesha ramani hiyo mbele ya wageni. "Mshiriki wa ishirini na tatu. Huyu amewapita wote!"

Nikasimama kule nyuma. "Daktari, huyu ni nani?"

"Mvuvi wa Mbita," akajibu bila kupepesa macho.

Nikaomba afungue maelezo. Yakatokea ukutani, makubwa. Mama mmoja wa mbele akauliza, "Kwani ni taa ndiyo imetabiri?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nashiba.

Nje akanishika mkono. "Ndugu yangu, si ungeniambia tu pembeni?"

"Nilikuambia pembeni mara tatu, Daktari."

Sasa anaomba nirudie hesabu zote, jina langu litangulie. Nitakubali. Wale waliokaa na kofia ile kichwani wanastahili ukweli. Lakini nimemwambia nitafikiria mpaka Jumatatu.

Nimeshafikiria. Wikendi hii nimemwachia yeye afikirie.