Baba Mkwe Ameondoka na Kipande cha Mkanda wa Farasi

Majengo, Gisenyi, tarehe 11 Juni

Mpendwa Mama Laurence,

Naomba msaada wako kabla Agosti haijafika, maana mwezi huo ndio tumepanga gusaba, siku ambayo familia yangu itapanda Bugeshi kumwomba mchumba wangu kwa wazazi wake, na mimi nimetoa ahadi mbele ya watu ambayo sijui kama niishike au niirudishe. Majina yote katika barua hii nimeyabadilisha, langu pia, ili wasicheke zaidi ya walivyokwisha kucheka. Niite Vénuste.

Nililelewa Goma, katika nyumba ambayo haikuwahi kufuga hata kuku, nikamaliza sekondari huko huko, kisha nikavuka kuja huku na sasa ni karani katika ghala la viazi karibu na kivuko cha mpaka cha Petite Barrière. Mimi ni mtu wa utaratibu. Kila jioni naandika tarehe na yaliyotokea, na ndiyo sababu maneno ya watu nitakayokunukulia hapa ni yao kabisa, sikuongeza wala sikupunguza.

Jambo lenyewe ni kusuka. Sisuki nywele wala vikapu, nasuka ngozi na sufu kwa ajili ya farasi. Najua hapa kwetu farasi ni wa kuhesabu, lakini ukishuka ufukweni Jumapili utamkuta Wellars na farasi wake wawili wanaobeba watoto kutoka kwenye miti hadi kwenye mchanga wa mwisho na kurudi, na ni huko nilikokuwa natembea siku hatamu ilipomkatikia mkononi, nami nikavua mkanda wa suruali niliokuwa nimeusuka mwenyewe shuleni, nikaufunga pale ilipokatika, farasi akaendelea na safari na mimi nikarudi nyumbani nimeishika suruali kwa mkono. Jumapili iliyofuata nikampelekea hatamu nzima. Tangu hapo sijaacha. Nimejifunza kwa video za wachungaji wa Argentina ambao lugha yao siielewi lakini vidole vyao navielewa, ngozi ya mbuzi nainunua kwa fundi viatu sokoni, naikata vipande vyembamba kama tambi, nailowesha, naisubiri ikauke nusu, maana ikisukwa na maji mengi inakuja kulegea na ikisukwa kavu inapasuka. Na sufu, Mama Laurence, naitoa kwenye sweta za chagua, yaani mitumba. Natafuta zile zenye lebo ya mohair, yaani sufu ya mbuzi wa manyoya marefu, nazifumua uzi kwa uzi na kuusokota upya uwe kamba. Wauza nguo wananijua. Wakiniona tu wanaitana, "Leteni sweta za bibi wa Bulaya, mupasuaji amefika."

Sasa kuna farasi jike mmoja wa Wellars anaitwa Bijou, ana kidonda nyuma ya mguu wa mbele, mahali mkanda wa tandiko unapopita chini ya tumbo, kwa sababu mkanda wake ni wa nailoni na nailoni inafungia jasho. Mkanda wa kamba za sufu hiyo unapitisha hewa na ngozi inabaki kavu. Nikamwambia Wellars ampumzishe Bijou na kumsafisha kidonda mpaka kipone, nami nitamsukia mkanda mwingine kabla shule hazijafunga na watoto hawajajaa ufukweni. Nilikuwa nimefika katikati.

Ndipo ikaja Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Nimetoka kufyeka na wenzangu, nimekaa barazani, kamba nimezifunga kwenye nondo za dirisha na mwisho wake nimeubana kwa vidole vya miguu, kama tunavyofanya wasukaji, na lango likafunguliwa wakaingia watu watatu bila taarifa, mchumba wangu Belise, shangazi yake Illuminée, na baba yake, Mzee Mugabo wa Bugeshi. Walikuwa wameshuka kwa shughuli zao mjini wakaona wapite kumwangalia mkwe mtarajiwa. Mzee Mugabo ni mtu wa ng'ombe, maisha yake yote ni ng'ombe, na Kiswahili chake ni kile alichokipata kwa kuwauza ng'ambo ya mpaka. Belise yeye ana saluni hapa mjini, anasuka nywele, na ni hapo shangazi alipoanzia.

"Belise, mutoto yangu," akasema, "ulituambia umepata bwana, kumbe umepata fundi wa kukusaidia mu saluni."

Nikacheka, nikatafuta viatu. Mzee Mugabo hakucheka. Akakaa kwenye benchi, akautoa mkanda kwenye vidole vyangu bila kuniomba.

"Hii iko ngozi ya nini?"

"Ya mbuzi, mzee."

"Na hii yenye kulainika?"

"Sufu ya mbuzi wa Ulaya. Nimeifumua kwenye sweta."

Shangazi akashika ukuta. "Yani amepasua sweta muzima ili farasi isisikie baridi. Na we mwenyewe umevaa shati yenye kutoboka."

Mzee akaleta mkanda puani. "Umeipaka nini?"

"Glycerine, mzee."

"Glycerine," akasema, kama mtu anayeambiwa jina la ugonjwa. "Kwetu tunapaka mafuta ya ng'ombe." Akauzungusha mkanda gotini, akauvuta kwa nguvu mara kadhaa mpaka nikaogopa, akauachia, akautazama tena. Kisha akasema bila kuniangalia, "Na mutu wa mukono kama hii anafungaka tu farasi. Tena farasi yenye haiko yake."

Mama Laurence, uso uliniwaka. Nikasimama nikasema mbele ya wote, "Mzee, nimeelewa. Kazi hii naiacha leo, hamutaiona tena." Akasema, "Bon." Basi. Tukanywa Fanta, tukaongea habari za viazi na mvua, na walipokuwa wanaondoka akachukua pale kwenye benchi kipande nilichokuwa nimekisuka kwanza kujaribu mtindo, urefu wake kama kiganja, akakitia mfukoni mwa koti. Nadhani amekipeleka kuwaonyesha majirani ni mkwe wa aina gani wanaletewa.

Belise alikuja siku mbili baadaye. Akauliza, "Nani alikuomba uache?" Nikamwambia ni baba yake. "Papa alikuomba?" Nikamwambia, Belise, nilikuwa nimekaa pale, nilisikia. Akasema, "Sawa, kama ulisikia." Tangu siku hiyo ujumbe wangu anaujibu kwa neno moja moja, na mimi naelewa kwamba aibu ya siku ile bado haijamtoka.

Mkanda wa Bijou umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, umetundikwa kwenye msumari. Wellars amepiga simu, sijapokea. Kidonda nasikia kinafunga vizuri. Mama yangu anasema nichague mke, kamba nitasuka nikizeeka. Rafiki ananishauri niwe nasukia kwa Wellars, nyuma ya banda la farasi, ambako mtu wa Bugeshi hafiki. Mimi ahadi niliitoa kwa mdomo wangu na sijazoea kuvunja ahadi, lakini nikikaa jioni nakuta mikono inasuka kamba za viatu, na ninaogopa kuingia kwenye ndoa nikiwa nimeacha nje kitu pekee ninachokifanya vizuri. Je, nishike ahadi, nijifiche, au niseme gusaba isogezwe mbele hadi nijue moyo wangu uko wapi?

Wako katika mashaka,
Vénuste


MAMA LAURENCE ANAJIBU

Vénuste mwanangu, pole. Kuchekwa kwenye baraza yako mwenyewe, tena miguu mitupu, si jambo dogo, na mwanamume anayefumua sweta uzi kwa uzi ili farasi wa mtu mwingine asichubuke, mimi ningempa binti yangu bila kuuliza mshahara.

Sasa nikugombeze kidogo.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mtu aliyekuambia uache. Sijamwona. Nimemwona shangazi anayetania, na shangazi anayekwenda kumwona mkwe asipotania atakuwa mgonjwa. Ungekuwa umekaa unasoma Biblia angekuuliza kama parokia inatoa wake. Nimemwona mchumba aliyekuuliza swali fupi na la wazi, "Nani alikuomba uache?" Hilo ni swali, Vénuste. Lilihitaji jibu, wewe ukalifanya lawama. Msichana anayekula kwa kusuka aone aibu kwamba mume wake anasuka? Mwenye haki ya kuona aibu ni yeye, kwa sababu ulisimama mbele ya baba yake na shangazi yake ukaitupa kazi ya mikono kama kitu kichafu, na mikono yake inafanya kazi hiyo hiyo kuanzia asubuhi. Neno moja moja unalojibiwa ulilipanda wewe mwenyewe siku ile.

Tuje kwa mzee. Wewe ulikulia Goma, ambako mtu akitaka kitu anakuambia nataka, mnabishana, mnamaliza. Mimi mume wangu ni wa Bugeshi. Kule mtu wa ng'ombe hasemi nataka. Anakuuliza ngozi ni ya nini. Anauliza umepaka nini. Anakwambia kwao wanapakaje, na hapo, mwanangu, alikuwa anakufundisha, hakuwa anakucheka. Anavuta kwa nguvu kuona kama itahimili ndama mkaidi. Mwisho anaizunguka haja yake kwa mbali kabisa, kwamba mtu mwenye mkono kama huu anafunga farasi tu, tena farasi wa watu. Uliposikia hivyo ulisikia dharau. Mimi nikisoma namsikia mzee anauliza, na mimi je?

Asingeweza kukuuliza waziwazi. Agosti wewe ndiye unayepanda kwake kuomba. Baba wa msichana akuombe kamba kabla wewe hujamwomba binti? Angejishusha mbele ya dada yake, na shangazi yule angelisimulia hadi Krismasi. Kwa hiyo akazunguka, akangoja umjibu kwa kuzunguka vilevile, na wewe ukasimama ukamwambia hutasuka tena. Alichobaki nacho kusema ni "Bon". Halafu akafanya nini? Akakitia kipande mfukoni. Unadhani mzee anabeba kitu kinachomchukiza ndani ya koti lake la kutokea, kutoka mjini mpaka Bugeshi? Amekibeba kwa sababu ndicho peke yake ulichomwachia.

Inawezekana nakosea. Simjui mzee, nakujua wewe tu kwa karatasi hizi. Nikikosea utapoteza safari moja na kamba moja. Nikipatia utakuwa umejiepusha na miaka ya kukaa meza moja na baba mkwe mnaoongea habari za viazi na mvua.

Hiyo habari ya kusukia nyuma ya banda, iondoe kichwani. Mtu mzima haendi kwa kamba zake kama anayekwenda kwa mchepuko. Wala gusaba isisogezwe hata siku moja. Moyo wako unajua uko wapi, umenieleza ukurasa mzima.

Fanya hivi. Leo, kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, nenda saluni kwa Belise wakati hana mteja, umwambie kwamba swali lake hukulijibu, na umwombe radhi kwa ulichosema juu ya kazi ya kusuka. Kisha nyamaza. Najua una utaratibu wako wa kueleza mambo tangu mwanzo, siku hiyo uuache nyumbani. Mwache yeye aongee mpaka amalize, na umuulize baba yake alisema nini njiani walipokuwa wanarudi. Nina hakika kuna alichosema.

Jioni uuteremshe ule mkanda kwenye msumari. Pokea simu ya Wellars. Farasi hakuahidiwa na mzee Mugabo, aliahidiwa na wewe, na ahadi yake ndiyo iliyotangulia.

Ukiumaliza, usinunue sweta nyingine. Nenda kwa fundi wako uchukue ngozi ya ng'ombe, nzuri, nene kidogo, usuke kamba ya kumwongozea ndama jike. Mahari ikipelekwa Bugeshi ng'ombe atatangulia na watu wote watamtazama, na kabla ya kutazama ng'ombe watu wale hutazama amefungwa na nini. Pale kamba inapogusa shingo weka ile sufu yako, nao washangae. Usiipake chochote. Hata hiyo glycerine usiikaribishe.

Halafu panda Bugeshi mwezi Julai, wewe na Belise, siku ya kawaida, bila wazee na bila hotuba. Ahadi uliyoitoa mbele ya mzee utaitengua mbele yake, na maneno yake ni machache, "Mzee, niliharakisha." Umkabidhi kamba ikiwa kavu hivyo hivyo, umuulize kwao mafuta ya ng'ombe yanapakwaje. Atainuka kwenda kuyatafuta. Kaa karibu naye akipaka, angalia vidole vyake kama unavyoangalia vya wale wa Argentina, na akikurekebisha, kubali kurekebishwa.

Akiwa katikati ya kupaka, bila kukuangalia, atauliza kama yule farasi wa watu alipona. Hakikisha siku hiyo Bijou ameshafungwa mkanda wake.