Gamba la Birika

Mume wangu,

Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, nalo linalalamika kuliko mwenyewe. Mwanao ameota meno mawili na anang'ata kila kitu.

Habari kubwa ni maji. Wametuwekea mtambo wa kuyalainisha, kama huo unaouendesha huko uliko. Sabuni iliyokuwa haitoi povu sasa inafurika hadi sakafuni. Nimefua mpaka shuka za upande wako, ingawa hakuna aliyezilalia.

Unakumbuka ulivyoniambia ukiondoka? Kwamba chokaa ya maji yetu magumu huganda ndani ya birika kila tukichemsha, na gamba likifikia unene wa ukucha utakuwa umerudi. Basi nikapiga marufuku mtu kulisugua. Kila Ijumaa nililipima. Likafikia unene wa ukucha, likapita, nikajiambia labda ulimaanisha ukucha wa dole gumba la mguu.

Juzi nilitoka sokoni nikakuta mama yako amelimiminia maji ya ndimu. Gamba lilikuwa linatoka povu na kuyeyuka. Nilimpandishia sauti, Mungu anisamehe. Akanijibu taratibu, "Mwanangu, hata mimi nilikuwa nalichungulia kila siku. Nimechoka."

Sasa birika linang'aa, na haya maji laini hayatalijengea gamba tena. Sina pa kuhesabia. Usinitajie siku, njoo tu.

Ni mimi, mkeo.